Chombo Changu, Amri ya Nani?

Mwaka 2022 karakana moja ya Poland iitwayo SPS ilikuwa na kazi ya kuzifanyia matengenezo makubwa treni za abiria za kampuni ya Koleje Dolnośląskie. Treni hizo zilitengenezwa na kiwanda cha Newag, lakini zabuni ya matengenezo aliyeishinda ni SPS. Mafundi wakazifungua, wakasafisha, wakabadilisha vilivyochakaa, wakafunga kila kitu kama maelekezo ya kiwanda yanavyotaka. Wakawasha. Kompyuta ya treni ikaonyesha kwamba iko tayari kwa safari, hakuna hitilafu popote. Dereva akasukuma mkono wa mwendo, treni haikutikisika. Ya pili ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata pia.

Walipoishiwa mbinu, wakawatafuta wadukuzi watatu wa kundi la Dragon Sector. Hao wakachomoa programu kutoka kwenye kompyuta za treni, wakaisoma, na mwezi Desemba 2023 wakasimama kwenye mkutano wa wadukuzi mjini Hamburg kueleza walichokikuta. Ndani ya programu, walisema, kulikuwa na alama za GPS za mahali zilipo karakana za washindani wa Newag. Treni ikikaa kwenye eneo mojawapo kwa siku 10, inajifunga. Kulikuwa pia na sharti la kujifunga endapo kifaa fulani kitabadilishwa na kingine chenye namba tofauti. Na kulikuwa na mpangilio wa siri wa kubonyeza vitufe ambao ungeifungua treni palepale, mpangilio ambao haumo kwenye kitabu chochote walichopewa mafundi. Newag ilikana yote, ikasema haijawahi kuweka kitu cha namna hiyo, ikawashtaki watafiti hao.

Magazeti mengi yaliiweka habari hii kwenye ukurasa wa teknolojia, karibu na habari za simu mpya. Mimi naona ilistahili ukurasa wa mbele. Treni zilinunuliwa kwa fedha za umma. Abiria walikuwa wanazisubiri. Na kwa mujibu wa watafiti, mistari michache ya programu ilikuwa na nguvu kuliko hati ya mauziano, kuliko zabuni, kuliko fundi mwenye spana mkononi. Tangu niisome, kila habari ya teknolojia naianzia mahali pamoja: nani mwenye kauli ya mwisho juu ya chombo hiki? Bei, kasi, kamera, wembamba wa skrini, hayo nayasoma baadaye.

Nami yamenifika, ingawa kwa jambo dogo. Printa niliyokuwa nayo ilipokea sasisho usiku, na asubuhi ikakataa wino. Kwenye kioo chake kidogo palitokea maandishi kwamba katriji haitambuliki, niweke halisi. Katriji ilikuwa ileile iliyochapisha vizuri jana yake. Wino ulikuwamo, nusu nzima. Hakuna kilichoharibika kwenye mashine wala kwenye wino. Kilichobadilika ni amri, na amri ilitoka kwa mtengenezaji, ikapita kwenye intaneti ninayoilipia mimi, ikaingia kwenye mashine niliyoinunua mimi. Sikuulizwa. Nilipowapigia, mhudumu alinijibu kwa upole kabisa kwamba nimekubali masharti.

Masharti hayo ndiyo kiini cha mambo. Ukinunua kifaa chochote chenye kompyuta ndani, unanunua chuma, plastiki na kioo. Programu inayokiendesha hununui. Unapewa leseni ya kuitumia, na leseni ina masharti ambayo aliyeyaandika anaweza kuyabadilisha. Chuma bila programu ni chuma tu. Kwa hiyo anayeshika programu ndiye anayeshika kifaa, na risiti yako inabaki kuwa ushahidi kwamba fedha zilitoka.

Wengi hudhani kwamba dawa yake ni kumtafuta mtaalamu aifungue. Hapo ndipo sheria inapoingia. Mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria ya hakimiliki iitwayo DMCA, na kifungu chake cha 1201 kinakataza kuvunja kufuli ya kidijitali inayolinda kazi yenye hakimiliki. Programu ni kazi yenye hakimiliki. Kwa hiyo kufuli ikiwekwa kwenye trekta, kwenye gari au kwenye printa, kuivunja kunaweza kuwa kosa hata kama hukunakili chochote, hata kama ulitaka tu kubadilisha kipuri. Umoja wa Ulaya uliweka makatazo ya aina hiyo mwaka 2001, na Marekani imekuwa ikiyaingiza kwenye mikataba yake ya biashara na nchi nyingine. Kila baada ya miaka 3 ofisi ya hakimiliki ya Marekani husikiliza maombi ya msamaha. Wakulima na wenye magari walipata wao mwaka 2015, baada ya kuomba ruhusa ya kutengeneza trekta zao wenyewe. Lakini msamaha huo una kasoro kubwa: unamruhusu mwenye chombo kuvunja kufuli, haumruhusu mtu mwingine kumuuzia wala kumgawia kifaa cha kuivunjia. Mkulima anaruhusiwa, mradi apate njia ya kudukua trekta bila kuuziwa wala kugawiwa kifaa cha kuidukulia. Ruhusa ya namna hiyo ni danganya toto.

Kuna barua moja ya mwaka huohuo wa 2015 ambayo kila mbunge angepaswa kuisoma. Wakati maombi ya wenye magari yanasikilizwa, mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, iliandika mwezi Julai kuyapinga. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wakiruhusiwa kugusa programu za magari, watazibadilisha na kuchafua hewa. Miezi miwili baadaye, tarehe 18 Septemba, mamlaka hiyohiyo ilitangaza kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka kwenye magari yake ya dizeli programu inayotambua kwamba gari liko kwenye kipimo, ikapunguza moshi hadi kipimo kiishe. Barabarani moshi ulirudi. Magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Aliyeichezea programu kwa kiwango hicho hakuwa kijana wa gereji. Alikuwa mwenye kufuli. Na waliolifichua, watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, walifunga vipimo kwenye bomba la moshi na kuendesha gari barabarani; mlango wa kuisoma programu yenyewe ulikuwa umefungwa.

Nikizungumza haya na watu, wengi huniambia kwamba msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, ni mambo ya wanaprogramu: wao hata wakionyeshwa hawataelewa, kwa hiyo haki ya kuuona haiwahusu. Huwa nawasimulia kisa cha Posta ya Uingereza.

Mwaka 1999 Posta hiyo ilianza kufunga programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, kwenye matawi yake madogo. Matawi hayo huendeshwa na watu wenye maduka yao, na mkataba uliwataka kufidia hasara inayotokana na uzembe au makosa yao. Jo Hamilton alikuwa mmoja wao, katika kijiji cha South Warnborough. Siku moja skrini ilimwonyesha upungufu wa pauni 2,000. Akapiga simu kwenye kitengo cha msaada, akafuata hatua alizoambiwa moja baada ya nyingine, na upungufu ukawa pauni 4,000 hapohapo akiangalia. Madeni yakaongezeka. Mwishowe akashtakiwa, akakiri kosa la kuandika hesabu za uongo ili aepuke shtaka la wizi. Hakuwa ameiba hata senti.

Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengi kwa mashtaka yaliyofunguliwa na Posta yenyewe. Wengine walifungwa. Wengine waliuza nyumba kulipa fedha ambazo hazikupotea. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi, iliyotoka Julai 2025, ilitaja watu wasiopungua 13 ambao huenda walijiua kutokana na sakata hilo. Miaka yote hiyo Posta ilishikilia kwamba mfumo ni imara, na kwamba hakuna mtu nje ya tawi anayeweza kugusa hesabu za tawi. Mwaka 2019, katika kesi iliyoongozwa na Alan Bates, naye aliyewahi kuendesha tawi, na wenzake, jaji alisema wazi kwamba Horizon ilikuwa na hitilafu, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia kwa mbali na kubadilisha takwimu za matawi. Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla.

Kilichonisumbua zaidi kwenye kisa hiki ni jambo la kisheria ambalo halikutangazwa sana. Zamani, kwenye mahakama za jinai za England, aliyeleta ushahidi wa kompyuta alitakiwa kwanza aonyeshe kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Sheria ya mwaka 1999 ililiondoa sharti hilo. Tangu hapo mahakama huchukulia kwamba kompyuta iko sawa mpaka mshtakiwa athibitishe vinginevyo. Lakini athibitishe kwa kutumia nini? Msimbo anao Fujitsu. Kumbukumbu za mfumo anazo Fujitsu. Orodha ya hitilafu zinazojulikana iko kwenye makabati ya watu wanaomshtaki. Mwenye duka wa kijijini hahitaji kujua kuandika programu. Anachohitaji ni haki ya kumleta mtu anayejua, akaangalie, akarudi mahakamani na jibu. Mimi siwezi kusoma picha ya eksirei, lakini sitakubali sheria inayomkataza daktari ninayemchagua asiisome.

Na ikiwa chombo chenyewe kiko mwilini? Karen Sandler, mwanasheria anayeongoza shirika la Software Freedom Conservancy, ana ugonjwa wa moyo na alipandikizwa kifaa cha kuushtua moyo endapo mapigo yatavurugika. Kabla ya kupandikizwa aliuliza kama anaweza kuuona msimbo wake. Hakuupata. Baadaye alipokuwa mjamzito, moyo wake ulianza kudunda kwa namna inayowapata wajawazito wengi na isiyo na hatari, kifaa kikaitafsiri vibaya, kikampiga shoti asizozihitaji. Alilazimika kumeza dawa za kupunguza kasi ya moyo ili kifaa kitulie. Amelisimulia hili hadharani mara nyingi, na kila nikilisikia nabaki na jambo moja: mwili ni wake, moyo ni wake, ila maelekezo yaliyomo kifuani mwake ni siri ya biashara ya watu wengine.

Au fikiria zaidi ya watu 350 waliopandikizwa jicho la kielektroniki la kampuni ya Second Sight ili vipofu waweze kutambua mwanga na maumbo. Kampuni iliacha kulitengeneza, mwaka 2020 ikapunguza karibu wafanyakazi wote, na wagonjwa wakabaki na vifaa vichwani ambavyo hakuna wa kuvihudumia. Mmoja wao, Mholanzi, kifaa chake cha kiunoni kilipoharibika ilibidi atafute cha akiba kwa njia zake mwenyewe. Kwa watu hawa uamuzi wa kampuni uliweza kumaanisha kurudi gizani. Laiti sheria ingelazimisha michoro na msimbo wa vifaa vya namna hiyo vihifadhiwe mahali pa tatu, na vifunguliwe siku kampuni inapokoma, pengine chuo kikuu kimoja tu kingetosha kuviendeleza.

Wapo waliotabiri haya mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Stallman, akiwa kwenye maabara ya MIT, alitaka kurekebisha programu ya printa mpya ya leza ili iwajulishe watu karatasi inapokwama, kama walivyokuwa wamefanya kwa printa ya awali. Akaomba msimbo kwa mtafiti aliyekuwa nao, akanyimwa, kwa kuwa mtafiti huyo alikuwa ametia saini ya kutunza siri. Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ulio huru. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, ambayo inatumia sheria ileile ya hakimiliki kufanya kinyume chake: chukua msimbo, usome, ubadilishe, ugawe, ila ukiugawa mpe na mwenzako uhuru huohuo. Linus Torvalds aliweka kiini cha Linux, moyo wa mfumo wa kuendeshea kompyuta alioutunga, chini ya leseni hiyo mwaka 1992. Leo kiini hicho kimo kwenye simu zote za Android na kwenye sehemu kubwa ya seva za dunia.

Kwa hiyo programu huria, yaani zile zenye msimbo ulio wazi kwa wote, zilishinda? Kiufundi, ndiyo. Kwa upande wa haki, bado sana. Kampuni zinachukua Linux, zinaiweka kwenye kifaa, zinakipiga kufuli ili kikubali tu programu yenye saini yao. Msimbo unaweza kuusoma, unaweza hata kuubadilisha, ila kifaa chako hakitakubali kuuendesha. Kampuni ya TiVo ilifanya hivyo kwa vinasa-televisheni vyake, na toleo la tatu la GPL la mwaka 2007 likaandikwa kwa sehemu kuzuia ujanja huo. Kiini cha Linux kikabaki kwenye toleo la pili. Sikubaliani na uamuzi huo mpaka leo, ingawa naelewa kwamba Torvalds alijali zaidi kurudishiwa msimbo kuliko kudhibiti kitakachofanywa na vyuma vya wengine.

Hoja nzito ya upande wa pili ni usalama. Wanasema kufuli humlinda mtumiaji dhidi ya matapeli, na msimbo wa wazi humsaidia adui. Siipuuzi hoja hii. Machi 2024 iligundulika kwamba xz, programu huria ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu kwenye kila Linux, ilikuwa imewekewa mlango wa siri. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejipenyeza kwa zaidi ya miaka 2, akituma marekebisho mazuri, akijijengea imani kwa mtunzaji mmoja aliyekuwa amechoka na anayefanya kazi hiyo kwa kujitolea, mpaka akakabidhiwa mamlaka. Mlango ulikuwa umeshaingia kwenye matoleo ya majaribio ya mifumo mikubwa. Aliyeuona ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima kitu kingine kabisa, akashangaa kwa nini kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Akafukua. Aliweza kufukua kwa sababu hakuna aliyemzuia: msimbo ulikuwa pale, na hakuhitaji kuomba kibali cha mtu wala kuogopa kesi.

Linganisha na tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo CrowdStrike ilituma sasisho bovu la programu yake ya usalama, na kompyuta kama milioni 8.5 za Windows, kwa makadirio ya Microsoft, zikagoma kuwaka. Ndege zikabaki chini, hospitali zikaahirisha matibabu. Hapo hakukuwa na adui. Kulikuwa na kampuni moja yenye uwezo wa kuingiza kitu kwenye mamilioni ya mashine kwa mara moja, bila wenye mashine kupewa nafasi ya kulijaribu faili hilo kwanza. Usalama unaotegemea kwamba mwenye kauli ya mwisho hatakosea wala hatanunuliwa, mimi siuiti usalama.

Hoja hiyohiyo ya usalama sasa imehamia kwenye simu. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizothibitishwa zitakubali tu programu za watengenezaji waliojisajili kwake kwa majina na vitambulisho, hata kama programu haitoki kwenye duka lake. Mpango uliotajwa ni kuanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha dunia nzima kuanzia 2027. F-Droid, duka la programu huria linalotegemewa na wengi wetu tusiotaka kufuatwafuatwa, lilisema waziwazi kwamba utaratibu huo utaliua. Kelele zilipozidi, Novemba 2025 Google ikasema itaweka njia ya wenye uzoefu kukubali hatari na kuendelea kusakinisha. Nashukuru kwa kurudi nyuma huko. Lakini tazama kilichotokea: haki ya kuweka programu kwenye simu yako, ambayo tangu Android ianze haikuhitaji ruhusa ya mtu, sasa inajadiliwa kama fadhila. Matapeli wapo, na wanaowaibia wazee kwa programu za uongo ni wakatili. Hata hivyo, mwandishi anayeandika programu ya kuwasaidia wanahabari chini ya serikali kandamizi ana sababu nzuri ya kutotoa kitambulisho chake kwa kampuni ambayo serikali hiyo inaweza kuipigia simu.

Kwenye kompyuta za mezani kauli ya mwisho ilitolewa tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa zilizotoka kuanzia miaka ya karibu na 2018, hivyo mashine nyingi zenye afya njema zikawekwa upande wa mabaki kwa tangazo. Watumiaji wa Ulaya walipiga kelele kupitia vyama vyao wakapata mwaka mmoja wa masasisho ya bure. Kelele zinalipa, basi. Nimewawekea Linux jamaa na marafiki kadhaa tangu hapo, na wengi wao hawajawahi kunipigia kulalamika, kwa kuwa wanachofanya ni kuvinjari, kuandika barua na kutazama video.

Mambo haya yamefika kwenye siasa za mataifa, na hapo ndipo naona viongozi wameanza kuamka. Februari 2025 Marekani ilitangaza vikwazo dhidi ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na mwendesha mashtaka wake Karim Khan akawa wa kwanza kuwekewa. Mwezi Mei shirika la habari la AP liliripoti kwamba amepoteza barua pepe yake ya Microsoft. Microsoft ilisema haikukatisha huduma kwa Mahakama yenyewe. Hata tukichukua maelezo yake kama yalivyo, kila waziri Ulaya alielewa somo bila kuhitaji mkalimani: kampuni ya nchi moja ikiwa na swichi, serikali ya nchi hiyo inaweza kuamuru ibonyezwe. Oktoba mwaka huohuo ikathibitishwa kwamba Mahakama inahamia openDesk, mkusanyiko wa programu huria kutoka Ujerumani. Jimbo la Schleswig-Holstein, huko huko Ujerumani, mwezi huo lilimaliza kuhamisha zaidi ya masanduku 40,000 ya barua pepe za watumishi wake kwenda kwenye programu huria.

Sifurahii mapema. Jiji la Munich liliamua kuhamia Linux mwaka 2003, likafika mbali, kisha mwaka 2017 madiwani wapya wakapiga kura ya kurudi Windows. Programu ilifanya kazi; kilichokosekana ni watu wa kuitetea uongozi ulipobadilika. Ndiyo maana siamini tena kwamba uhuru wa programu utaletwa na wanaprogramu peke yao. Unahitaji sheria, na sheria zinaanza kuja, moja moja. California, kuanzia Januari 2025, inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mnunuzi wazi kwamba anachopata ni leseni tu. Oregon imepiga marufuku kufungia vipuri kwenye kifaa kimoja kwa programu. Agizo la Ulaya kuhusu haki ya kutengeneza linatakiwa kutumika ifikapo Julai 31, 2026. Na wachezaji wa michezo ya video, ambao wengi huwadharau, wamefanya kazi kubwa kuliko wanaharakati wengi: Ubisoft ilipozima seva za mchezo wa The Crew tarehe 31 Machi 2024 na kuwaacha walioununua mikono mitupu, walianzisha kampeni iliyokusanya saini zaidi ya milioni 1 Ulaya, wakidai mchezo uliouzwa uachwe katika hali ya kuchezeka.

Nataka dai lao liende mbele ya michezo. Kampuni inayoacha kukihudumia kifaa iache kufuli zake wazi siku hiyohiyo. Inayofilisika, msimbo wake wa vifaa vya tiba uende kwa mtunzaji wa umma. Ushahidi wa kompyuta usikubalike mahakamani kama aliyeuleta hataki wataalamu wa upande wa pili waangalie programu iliyoutoa. Chochote kinachonunuliwa kwa kodi, iwe treni au mfumo wa hospitali, mkataba useme kwamba msimbo unaandamana nacho. Na kifungu cha kukataza kuvunja kufuli kibaki kwa anayeiba kazi za watu, kisimguse anayetengeneza mali yake wala anayemsaidia kwa malipo.

Na tuseme pia kuhusu fedha. Yule mtunzaji wa xz alikuwa hana mshahara kwa kazi ile, wakati benki, majeshi na kampuni tajiri kuliko zote duniani zilikuwa zinaitumia programu yake kila sekunde. Desemba 2021 tundu la usalama lilipogundulika kwenye Log4j, programu huria ya kuandika kumbukumbu za mifumo, hali ilikuwa hiyohiyo: watu wachache wa kujitolea wakikesha kurekebisha kitu ambacho nusu ya dunia imekiegemea, huku wakitukanwa mtandaoni na watu ambao hawajawahi kuwachangia chochote. Ujerumani ilianzisha mwaka 2022 mfuko wa serikali wa kuwalipa watunzaji wa programu huria za msingi, na Log4j ni miongoni mwa miradi iliyofaidika. Nataka kukiona kifungu kama hicho kwenye bajeti ya kila serikali ambayo seva zake zinaendeshwa na Linux.